Ukipunguza uzani, usiache misuli ipotee: Ukweli kuhusu sindano za peptidi

UZANI ukishuka, kila mtu hufurahi. Nguo zilizokuwa zikibana hulegea, ngazi za ghorofa hupandwa bila kuhema, na majirani huanza kuuliza siri ni ipi. Lakini mizani ina kasoro moja kubwa. Haiwezi kutofautisha kilo moja ya mafuta na kilo moja ya misuli. Itakuambia kwamba umepoteza kilo 10, lakini haitakuambia ni kilo 10 za nini.

Swali hilo ndilo somo letu juma hili. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzani uliopita kiasi au ni wanene kupindukia. Wengi wamejaribu kujinyima chakula wakashindwa. Sasa habari za sindano za kupunguza unene zimeenea kila mahali, na huenda nawe msomaji umeambiwa na rafiki au mwalimu wako wa mazoezi kwamba dawa bora ni kuchanganya: kichupa kimoja cha kuyeyusha mafuta, na kingine cha kulinda misuli.

Je, kuna ukweli wowote katika maneno hayo? Upo, lakini si ule unaouzwa na wachuuzi wengi. Ili uweze kuutambua, sharti kwanza tuelewe peptidi ni kitu gani.

Peptidi ni nini?

Nyama, mayai, maharagwe na samaki vina protini. Protini ni kama mkufu mrefu uliotungwa kwa shanga ndogo zinazoitwa asidi amino. Mkufu huo ukiwa mfupi, huitwa peptidi. Mwili wako hutengeneza peptidi nyingi kila siku na kuzitumia kama tarishi wa kupeleka ujumbe kutoka kiungo kimoja hadi kingine.

Peptidi iliyo mashuhuri zaidi ni insulini, inayotoka katika kongosho na ambayo ina asidi amino 51. Ilipatikana mjini Toronto, Kanada, mwaka wa 1921 kutokana na kazi ya Frederick Banting na Charles Best. Mnamo Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kudungwa insulini hiyo. Kwa hivyo, mtu akikuambia kwamba peptidi ni uvumbuzi wa juzi, ujue hasemi kweli. Wakenya wenye kisukari wamezitumia kwa miaka mingi.

Peptidi inayohusika na somo letu inaitwa GLP-1. Hutolewa na utumbo baada ya kula. Kazi yake ni kuliambia kongosho litoe insulini, kulichelewesha tumbo lisiteremshe chakula haraka, na kuuambia ubongo kwamba umeshiba. Taabu yake ni kwamba haidumu. Baada ya dakika chache tu huvunjwavunjwa ndani ya damu.

Mwaka wa 1992 daktari John Eng wa New York alipata peptidi inayofanana na hiyo katika sumu ya mjusi mkubwa wa nyika za Marekani na Meksiko anayeitwa Gila. Hii ilidumu kwa muda mrefu zaidi. Kutokana nayo ilitengenezwa dawa ya kisukari iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 2005. Zilifuata nyingine, zikiwemo liraglutidi, ambayo hudungwa kila siku, na semaglutidi, ambayo hudungwa mara moja kwa juma. Semaglutidi ndiyo iliyomo katika Ozempic, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2017 kwa ajili ya kisukari, na Wegovy, iliyoidhinishwa mwaka wa 2021 kwa ajili ya unene.

Mafuta huondoka, na misuli pia

Katika utafiti mkubwa wa semaglutidi uliochapishwa mwaka wa 2021, watu 1,961 wenye uzani wa kupita kiasi walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliopata dawa walipunguza wastani wa asilimia 14.9 ya uzani wao. Waliodungwa sindano isiyo na dawa, lakini wakapewa mawaidha yale yale ya kula na kufanya mazoezi, walipunguza asilimia 2.4 pekee. Haya ni matokeo makubwa, na hakuna haja ya kuyakana.

Lakini watu 140 kati yao walipigwa picha maalum zinazopima mafuta na nyama ya mwili kila moja peke yake. Ilibainika kwamba mafuta yalikuwa yamepungua kwa asilimia 19.3. Sehemu ya mwili isiyo mafuta nayo ilikuwa imepungua kwa asilimia 9.7.

Tahadhari hapa, msomaji. Sehemu isiyo mafuta si misuli peke yake. Ndani yake mna maji, ini, figo na viungo vingine, ambavyo pia hupungua kidogo mwili unapokuwa mdogo. Isitoshe, mtu mnene hujenga misuli ya ziada ya kubebea uzani wake, na akipungua hahitaji yote. Kwa hivyo si kila gramu inayopotea ni hasara. Hata hivyo, sehemu fulani ni misuli hasa, na kwa baadhi ya watu hiyo ni hasara kubwa.

Misuli hupotea kwa nini? Sababu kuu si sumu iliyomo ndani ya dawa. Ni njaa. Mwili usipopata chakula cha kutosha hutafuta nguvu kwingine. Huchukua mafuta, lakini pia huvunja protini ya misuli, hasa ile isiyofanyishwa kazi. Jambo hilo humpata hata anayejinyima chakula bila dawa yoyote. Tofauti ni kwamba dawa hupunguza sana hamu ya kula, na mtu anaweza kukaa kutwa nzima kwa chai ya rangi na kipande cha mkate bila kuhisi kwamba amekosa kitu.

Kwa nini tuilinde misuli?

Wengi hudhani misuli ni ya wanamichezo na mabondia. Si hivyo. Misuli ndiyo inayokuinua kitini, inayokupandisha matatu na inayokuzuia usianguke unapojikwaa. Ndiyo pia inayohifadhi sehemu kubwa ya sukari inayotoka katika chakula, kwa hivyo ina umuhimu mkubwa kwa mwenye kisukari. Kuanzia miaka ya 30 hivi, mwanadamu huanza kupoteza misuli kidogo kidogo, na kasi huongezeka baada ya miaka 60.

Kuna jambo jingine. Wengi huacha dawa, kwa sababu ya gharama au kwa kudhani kwamba wamekwisha kupona. Washiriki wa utafiti ule wa semaglutidi walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano, walikuwa wamerejesha thuluthi mbili za uzani waliokuwa wamepoteza. Kilo zinazorudi aghalabu huwa za mafuta zaidi kuliko misuli. Mtu akipungua na kunenepa mara mbili au tatu namna hiyo, anaweza kujikuta ana uzani ule ule wa zamani, lakini akiwa na misuli michache na miguu dhaifu kuliko alipoanza.

Michanganyiko iliyopimwa na wataalamu

Kwa kuwa tatizo hili linajulikana, wanasayansi wamekuwa wakitafuta njia za kuchanganya. Kuna namna tatu ambazo yafaa uzifahamu.

Ya kwanza ni kutia kazi mbili ndani ya peptidi moja. Mfano wake ni tirzepatidi, yenye asidi amino 39, inayouzwa kwa majina Mounjaro na Zepbound. Huiga GLP-1 na pia homoni nyingine ya utumbo iitwayo GIP. Katika utafiti wa watu 2,539 uliochapishwa mwaka wa 2022, waliotumia kipimo cha juu walipunguza wastani wa asilimia 20.9 ya uzani kwa wiki 72. Waliopigwa picha za mwili walionyesha kwamba karibu robo tatu ya kilo zilizopotea ilikuwa mafuta, na robo moja ilikuwa sehemu isiyo mafuta. Maana yake ni kwamba mchanganyiko huu huongeza kasi ya kupungua, lakini hauondoi suala la misuli.

Ya pili ni kuunganisha peptidi mbili tofauti katika sindano moja. Kagrilintidi huiga amilini, homoni ya kongosho inayoleta shibe. Ilipounganishwa na semaglutidi katika utafiti wa watu 3,417 uliochapishwa mwaka wa 2025, uzani ulipungua kwa wastani wa asilimia 20.4 kwa wiki 68, ikilinganishwa na asilimia 3 kwa wasiopata dawa. Hapa pia lengo kuu lilikuwa kupunguza uzani.

Namna ya tatu ndiyo inayogusa misuli moja kwa moja. Mwili una breki zinazozuia misuli isikue kupita kiasi. Bimagrumabu ni dawa inayofungua breki hizo. Yenyewe si peptidi ndogo bali ni kingamwili, yaani protini kubwa, na katika utafiti ilitiwa kwenye mshipa wa damu na wahudumu wa afya. Matokeo ya kuiunganisha na semaglutidi yalitangazwa mjini Chicago mwezi Juni 2025, baada ya kufuatilia watu 507 kwa wiki 72.

Waliotumia semaglutidi pekee walipunguza asilimia 15.7 ya uzani, na katika hizo kilo asilimia 71.8 zilikuwa mafuta. Waliotumia zote mbili walipunguza asilimia 22.1, na mafuta yalikuwa asilimia 92.8.

Hebu tufanye hesabu ya mtu mwenye kilo 100. Kwa semaglutidi pekee angepoteza takriban kilo 15.7, ambapo kilo 11.3 ni mafuta na kilo 4.4 si mafuta. Kwa mchanganyiko angepoteza kilo 22.1, ambapo kilo 20.5 ni mafuta na kilo 1.6 tu si mafuta. Bila shaka hilo ni jambo la kutia moyo. Lakini zingatia mambo mawili. Kwanza, bimagrumabu ilitolewa ndani ya utafiti chini ya uangalizi wa karibu, na baadhi ya waliopewa walipata mikazo ya misuli, chunusi na kuharisha. Pili, kuwa na misuli mingi katika picha si sawa na kuwa na nguvu zaidi. Kwa hivyo mtu yeyote akikuuzia kichupa mtaani akidai kwamba ndicho kile kile kilichotajwa Chicago, mwache aende zake.

Michanganyiko ya vichochoroni

Sasa tuje kwa vile vichupa vinavyotembezwa katika kumbi za mazoezi na kuuzwa kwa simu. Vina unga mweupe ambao mnunuzi huambiwa auchanganye mwenyewe na maji ya sindano. Majina yake ni kama CJC-1295, ipamorelini, AOD-9604 na BPC-157. Vingi huwa na maandishi yanayosema kwamba ni vya utafiti tu, si vya matumizi ya binadamu. Muuzaji huyaandika maandishi hayo ili kujikinga yeye, wala si wewe.

CJC-1295 na ipamorelini huuchochea mwili utoe homoni ya ukuaji kwa wingi. Hoja ya wauzaji ni kwamba homoni hiyo huchoma mafuta na kujenga misuli. Kweli, kuna dawa ya jamii hiyo iliyopimwa vyema, nayo ni tesamorelini. Iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2010 kwa watu wenye virusi vya Ukimwi ambao walipata mafuta mengi ndani ya tumbo. Katika utafiti wa watu 412, mafuta hayo ya ndani yalipungua kwa takriban asilimia 15 kwa wiki 26. Lakini uzani wa mwili kwa jumla haukubadilika sana, na mafuta yalirudi dawa ilipoachwa. Aidha, dawa hiyo inaweza kupandisha sukari ya damu, na hairuhusiwi kwa mwenye saratani. Dawa iliyofaa kundi moja la wagonjwa haiwi dawa ya kila mwenye kitambi.

AOD-9604, ambayo ni kipande cha homoni ya ukuaji, ilijaribiwa kwa watu wanene, na mnamo 2007 kampuni iliyoitengeneza ikaacha kuiendeleza kama dawa ya unene kwa sababu haikupunguza uzani vya kutosha. Pamoja na hayo, bado inauzwa kana kwamba ilifaulu. BPC-157 nayo imefanyiwa majaribio mengi kwa panya, lakini ushahidi kwa binadamu ni mdogo mno.

Kama wewe ni mwanariadha, au mtoto wako ni mwanariadha, sikiliza vizuri zaidi. Dawa zote nne tulizozitaja zimepigwa marufuku michezoni na Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli. Kenya ina sheria yake tangu 2016, na ADAK hupima wanariadha wakati wowote. Kijana anaweza kupoteza miaka ya kukimbia kwa sababu ya kichupa alichopewa na rafiki.

Hata dawa halali huwa hatari ikipitia njia za panya. Mnamo Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutidi bandia iliyokuwa imepatikana Brazil, Uingereza na Marekani mwaka wa 2023. Mwezi Julai 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani nayo ilionya kwamba watu waliokuwa wakijipimia semaglutidi kutoka katika vichupa walikuwa wamejidunga kipimo kilichozidi mara 5 hadi 20, na baadhi yao wakalazwa hospitalini. Chanzo kilikuwa kuchanganya miligramu, mililita na alama za sirinji ya insulini. Ikiwa watu wenye wafamasia wa kuwaelekeza walikosea hivyo, itakuwaje kwako ukiwa peke yako jikoni na kichupa kisicho na karatasi ya maelezo?

Nani asidungwe, na nani awe mwangalifu

Dawa za jamii ya GLP-1 zina manufaa, na mnamo Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza baadhi yake katika orodha ya dawa muhimu, kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili ambao pia wana ugonjwa wa moyo au figo, pamoja na unene kupindukia. Hata hivyo, si za kila mtu.

• Mjamzito, au anayepanga kupata mimba. Semaglutidi yapasa kuachwa angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba.

• Anayetumia vidonge vya kupanga uzazi pamoja na tirzepatidi. Dawa hii hupunguza nguvu ya vidonge hivyo. Atumie kinga nyingine kwa wiki nne baada ya kuanza, na kwa wiki nne kila kipimo kinapoongezwa.

• Mwenye historia, yeye au jamaa yake, ya aina fulani ya saratani ya tezi ya shingo iitwayo medula.

• Aliyewahi kuugua uvimbe wa kongosho au vijiwe vya nyongo. Sharti amweleze daktari.

• Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kuteremsha sukari kama glibenklamidi. Sukari inaweza kushuka mno, kwa hivyo daktari huenda akapunguza dawa hizo.

• Mzee ambaye tayari amekonda miguu na mikono, hata kama ana tumbo kubwa.

Kichefuchefu, kutapika, kuharisha na kufunga choo ni mambo ya kawaida mwanzoni. Ndiyo sababu madaktari huanza na kipimo kidogo na kukipandisha polepole. Lakini ukipata maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, ukitapika bila kukoma, au macho yakiwa manjano, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kamwe usichanganye semaglutidi na tirzepatidi kwa matumaini ya kupungua upesi. Zote mbili hugonga mlango mmoja, na utakachoongeza ni madhara.

Mchanganyiko ulio mikononi mwako

Msomaji, mchanganyiko wa kulinda misuli unaoweza kuuanza leo hauhitaji kichupa cha pili. Ni chakula chenye protini na mazoezi ya nguvu. Una ushahidi pia. Nchini Denmark watu 195 walipunguza kwanza wastani wa kilo 13.1 kwa chakula kidogo cha wiki nane. Kisha wakagawanywa makundi manne: wa mazoezi, wa liraglutidi, wa vyote viwili, na wasiopata hata kimoja. Baada ya mwaka mmoja, matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2021 yalionyesha kwamba waliounganisha dawa na mazoezi walikuwa wamepunguza kiwango cha mafuta mwilini kwa takriban mara mbili ya waliotumia kimoja tu.

Tuanze na protini. Anayepunguza uzani huhitaji takriban gramu 1.2 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, na wengine hushauriwa zaidi ya hapo. Mtu wa kilo 80 basi atafute gramu 96 hivi. Si lazima ununue unga wa bei kubwa wa makopo. Mayai mawili yana gramu 12. Nusu lita ya maziwa ina gramu 16. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina gramu 15, na cha ndengu gramu 14. Kipande cha kuku au samaki cha gramu 100 baada ya kupikwa kina takriban gramu 25. Hizo ni gramu 82, na ugali wa unga usiokobolewa utaongeza kiasi fulani. Omena nao wana protini nyingi kwa bei nafuu.

Kwa kuwa dawa hukufanya ushibe upesi, kula protini kwanza, halafu mboga, na ugali au wali mwishoni. Kula kidogo mara nne au tano badala ya sahani moja kubwa jioni. Kunywa maji ya kutosha. Hata hivyo, mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Mazoezi ya nguvu nayo hayahitaji jimu. Shirika la Afya Duniani hushauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, kama vile kutembea kwa haraka, na pia mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Kutembea peke yake hakutoshi kulinda misuli. Fanya haya nyumbani, mara 8 hadi 12 kila moja, upumzike kidogo, kisha urudie mara mbili:

1. Keti kitini na uinuke bila kushika kitu chochote.

2. Simama mbele ya ukuta, weka viganja juu yake, jisukume mbele na nyuma. Ukizoea, hamia mezani, kisha sakafuni.

3. Beba jerikeni mbili za lita tano zilizojaa maji, moja kila mkono, na utembee ukumbini. Kila moja ina kilo tano. Usikunje mgongo unapoziinua.

4. Panda ngazi za ghorofa unakoishi badala ya kusimama tu kwenye roshani.

Kadiri zoezi linavyokuwa rahisi, ongeza uzani au idadi. Misuli isiyosumbuliwa haina sababu ya kubaki. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa au maumivu ya magoti amwone daktari kabla ya kuanza.

Jipime mwenyewe

Kwa kuwa mizani haisemi yote, tumia vipimo vingine viwili. Cha kwanza ni utepe wa fundi cherehani. Pima kiuno kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla ya kula. Kiuno kikipungua, mafuta ya tumbo yanapungua.

Cha pili ni kiti. Keti, kunja mikono kifuani, kisha inuka na kuketi mara tano kwa kasi uwezayo huku mtu akitazama saa. Andika sekunde ulizotumia. Rudia kila mwezi. Ukipita sekunde 15, hiyo ni dalili kwamba misuli yako ni dhaifu. Kiuno kikipungua na sekunde zikibaki pale pale au zikipungua, uko katika njia nzuri. Uzani ukishuka lakini kuinuka kukawa kugumu zaidi, mweleze daktari wako. Huenda unapungua kwa kasi mno au hauli vya kutosha.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Ikiwa daktari amekushauri kutumia sindano hizi, muulize: Kwa uzani na maradhi yangu, je, nahitaji dawa hii kweli? Nitaitumia kwa muda gani, na nitamudu gharama yake kwa muda huo wote? Nikiacha, mpango ni upi? Nani atanipima sukari na figo, na lini?

Dukani, nunua tu kwa duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyobandikwa mahali pa kuonekana, ukiwa na karatasi ya daktari. Angalia kwamba sanduku halijafunguliwa, lina nambari ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi, na kwamba dawa ilikuwa katika friji. Kalamu ambazo hazijaanza kutumika huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Sindano iliyosafirishwa kutwa ndani ya mkoba katika joto la Mombasa au Kisumu haifai kuaminiwa. Na muuzaji akikataa kukupa risiti, usimpe pesa.

Jioni ya leo, kabla ya kutafuta bei ya sindano yoyote, vuta kiti, kunja mikono kifuani na uhesabu sekunde zako. Andika nambari hiyo kwenye daftari, pamoja na kipimo cha kiuno. Ukienda kumwona daktari, nenda na daftari hilo.